Chai ya vijiti ya Kijapani: nimeinywa Nakuru, na haya ndiyo maoni yangu

Kazi ya cherehani haina saa. Msimu wa sare za shule ukifika, hapa mtaani Section 58 nashona hadi usiku, na kikombe cha chai lazima kiwe kando ya mashine. Shida ni kwamba strungi ya usiku hunikesha. Ndiyo maana nilipoona kukicha, yaani hiyo chai ya vijiti ya Kijapani, kwenye duka moja la vyakula vya afya mjini, gramu 100 kwa shilingi 1,400, niliichukua licha ya bei.

Mimi ni mzaliwa wa Nandi Hills, kwa hivyo vijiti hivyo si vigeni kwangu. Kwetu huchumwa majani mawili na kichipukizi. Ukipeleka mabua yaliyokomaa, karani wa kituo anakurudishia. Wajapani nao, wakishatengeneza sencha au gyokuro, chai zao za kijani za majani, huyatenga mabua na vikonyo na kuviuza kama chai inayojitegemea. Vya gyokuro huitwa karigane, na ndivyo vinavyothaminiwa zaidi. Pakiti yangu ni ya vilivyokaangwa: vijiti vya kahawia, vyembamba, na ukiifungua inanukia kama karanga zikiwa bado kwenye kikaango.

Faida niliyoitafuta nimeipata. Kafeini ya mchai hujaa kwenye kichipukizi na majani machanga. Kwenye kikonyo ni kidogo. Theanini, inayoipa chai ule utamu wa mbali na inayosemekana kutuliza akili, kikonyoni ipo ya kutosha. Nakunywa nikishona, namaliza kazi, nalala vizuri. Hata hivyo kafeini haijaisha kabisa, kwa hivyo aliyekatazwa na daktari asiinywe akidhani ni maji.

Nisichokubali ni karatasi ambayo duka limebandika kwenye rafu: eti inaondoa sumu mwilini, inayeyusha mafuta, inashusha sukari. Sifa nyingi za aina hiyo zimetolewa kwenye majani ya chai ya kijani, yenye katekini (kemikali za asili za mchai) nyingi kuliko vikonyo. Tafadhali, mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya karatasi ile. Tena chai, hata hii, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwa sukuma na maharagwe. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu asiinywe na chakula. Angoje kama saa moja hivi.

Kuhusu maji, visima vingi vya huku kwetu vina floraidi nyingi, na meno ya watu wengi yanaonyesha. Mimi hutumia maji ya mvua. Kijiko kimoja cha chakula kwa vikombe viwili, maji yakiwa yanatokota, dakika tatu, kisha chuja. Ile ya kijani isiyokaangwa ndiyo haitaki maji ya moto hivyo: nyuzi 70 hadi 80, isizidi dakika moja, la sivyo inakuwa chungu. Maziwa usitie, yanaimeza ladha yote. Sukari haihitaji. Na vijiti usivimwage, vinatoa birika la pili, jepesi kidogo lakini bado tamu.

Kwa anayependa chai na hapati usingizi, naipendekeza kwa moyo wote. Asubuhi nabaki na majani yetu ya Nandi. Duka likianza kuuza pakiti za gramu 50, majirani zangu wengi watamudu kuijaribu.