Duka la gesi Mwanga: mizani safi, ila maelezo ya bei mmh

Wana Kigoma mnaoulizia mtungi unapatikana wapi bila kupunjwa, kuna duka la gesi pale Mwanga, jirani na fundi cherehani, mi nawashauri nendeni hapo. Kwanza mizani. Kijana anaupandisha mtungi mbele yako hata hujamwambia, anakuonesha uzito mtupu uliogongwa pale juu kwenye chuma, mnajumlisha wenyewe na zile kilo 6, ukipelea anakuchukulia mwingine wala hanuni. Akikuletea nyumbani na boda anafunga regyuleta mwenyewe, anapaka povu la sabuni kwenye maungio na kusubiri kuona kama linavuja, wakati wengine wanakushushia mlangoni hao wameondoka.

Kinachoniboa ni bei ikipanda. Mwenye duka ni mzee mstaarabu sana, ukimwambia "shikamoo mzee, mbona imepanda tena?" anakujibu "marahaba mwanangu, vumilieni, ile gesi ya baharini kule Mtwara ikianza kutoka hii itakuwa bei ya mkaa." Mteja anaondoka anacheka. Mzee wangu, sivyo! Hii ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli kutoka nje, inashushwa Dar na Tanga, halafu ndo ianze safari mpaka huku mwisho wa reli, na nauli yote hiyo unailipa wewe. Gesi asilia ya visima vyetu, ya Songosongo kule Lindi, inatoka tangu 2004, na ya Mnazi Bay huko Mtwara ikafuata, lakini karibu yote ni methani, haigeuki maji kwa kubanwa tu kwenye mtungi, inapita bombani kwenda kuzalisha umeme na viwandani.

Na hiyo ya bahari kuu ndo kabisaa. Imeanza kugunduliwa 2010, ukijumlisha na ya nchi kavu nchi inahesabu futi za ujazo trilioni 57 na ushee, ila visima vingine viko chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000, wakati Tanganyika yetu hii tunayoiogopa kina chake mwisho ni 1,470 hivi. Kisima kimoja kinakula makumi ya mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kikavu. Ukiipata huwezi kuiuza nje mpaka kiwanda cha Lindi cha kuipoza iwe kimiminika kijengwe, hicho kinatajwa dola bilioni 42, na mazungumzo yake yamevutwa miaka na miaka. Katikati hapo zikaja sheria za maliasili za 2017, Bunge likapewa nguvu ya kutaka mikataba ijadiliwe upya na migogoro isipelekwe mahakama za nje. Mi sizipondi moja kwa moja, tulishaumizwa kwenye madini, ila mwenye hela za kuzamisha baharini miaka 20 anataka kujua kanuni za leo ndo za kesho. Equinor, ile kampuni ya mafuta ya Norway, walifuta dola milioni 982 za mradi huo kwenye vitabu vyao 2021, na baada ya mnada wa vitalu (maeneo ya kutafutia mafuta na gesi) wa 2013/14 kukawa kimya muda mrefu.

Kwa maoni yangu serikali imalize Lindi kwanza, maana kila mwekezaji anaangalia pale, akiona waliotangulia bado wako mezani yeye akatafute nini? Masharti ya kodi yaandikwe yasiguswe kila bajeti, na data za mitetemo, zile za kupima miamba ya chini kabla ya kuchimba, ziuzwe bei inayoeleweka. Kwenye vitalu 26 vilivyoandaliwa kwa mnada wa tano, vitatu viko humu humu ziwani, kwa hiyo sio habari za watu wa pwani peke yao, na wavuvi wa Kibirizi waulizwe mapema kabla meli ya utafiti haijapita juu ya nyavu zao.

Haya, duka nalipa nyota nne. Moja nimeibana kwa sababu ya mzee na ahadi zake, bei ikipanda aseme tu imepanda. Mnaotaka wa kilo 38 pigeni simu kwanza, mara nyingi unakuwa umeisha, na jioni boda wao anachelewa mno ukiwa upande wa Ujiji.