Kozi ya fikra za kisiasa za India: tulipewa jibu, swali likaachwa nje

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, nayo haijapoa. Kozi ya jioni ya fikra za kisiasa za India ya kisasa niliisoma mjini Pune, katika taasisi ambayo sitaitaja, wakati mvua zilipokuwa zikinyesha mfululizo nasi tukiingia darasani na viatu vilivyolowa. Niliiomba nafasi hiyo kwa hamu kubwa. Sisi tuliosoma Tanzania humjua Gandhi tangu utotoni, na wengi wetu tumemsikia Nehru, lakini wenzao wengi hatuwajui kabisa, nami nilitaka kuwajua.

Kero yangu imo kwenye kitini. Kitini chenyewe ni karatasi za fotokopi zilizobanwa ubavuni, na ndicho tulichopaswa kukisoma, kwa kuwa mtihani haukutoka nje yake. Katika wiki ya B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyewapigania waliohesabiwa kuwa hawaguswi, nilikuta kurasa chache, na hata hizo hazikuwa za Ambedkar. Zilikuwa makala ya Gandhi ya mwaka 1936, kutoka gazeti lake la Harijan, akiijibu hotuba ambayo Ambedkar alitaka ndani yake mfumo wa matabaka ya kuzaliwa uangamizwe. Hotuba yenyewe haimo. Nilikipekua kitini mara tatu nikidhani mchapaji ameruka kurasa.

Hotuba hiyo ina kisa chake. Chama cha Wahindu wapenda mageuzi wa Lahore kilimwalika Ambedkar, mtu aliyezaliwa katika jati (tabaka la kuzaliwa) ya Mahar, miongoni mwa waliohesabiwa kuwa hawaguswi, aongoze mkutano wao wa mwaka. Walipoisoma hotuba kabla ya siku kufika waliingiwa na hofu, wakamsihi ayaondoe maneno makali dhidi ya vitabu vya dini. Akakataa kubadilisha hata koma moja. Mkutano ukafutwa. Akaichapa kwa fedha zake, nakala 1,500, zikaisha ndani ya miezi miwili. Alipoichapa tena mwaka 1937 aliyatia humo maneno ya Gandhi ya kumpinga, kisha akayajibu. Hapo ndipo moyo unaponiuma: Ambedkar alimpa mpinzani wake nafasi ndani ya kitabu chake mwenyewe, na mwalimu wetu hakumpa Ambedkar ukurasa hata mmoja.

Wala Gandhi hakutaka isisomwe. Katika makala hiyohiyo aliandika kwamba hakuna mpenda mageuzi anayeweza kuipuuza, na akaona bei ya ana nane (ana ni sehemu ya kumi na sita ya rupia) ni kubwa, ishushwe hadi ana mbili au walau nne ili wengi wainunue. Niliyasoma maneno hayo kwa sauti darasani, nikauliza: "Profesa, ikiwa Gandhi mwenyewe anatuambia tuisome, tutaipata wapi?" Akakifunga kitini chake taratibu. Akajibu kwamba hotuba ile ni ya ugomvi, kwamba mambo ya jati ni ya ndani ya nchi yao, na kwamba mgeni kutoka Afrika angefanya vyema kujifunza kwanza kuyatamka majina ya watu sawasawa. Baadhi ya wanafunzi walicheka, naye akaendelea na somo kana kwamba hakuna aliyeuliza kitu.

Mambo ya ndani? Jyotirao Phule, mpinzani wa mfumo wa jati aliyeishi Pune hiyohiyo, alipoandika Gulamgiri, yaani Utumwa, mwaka 1873 alikitoa kitabu hicho kwa heshima ya Wamarekani waliowakomboa watumwa weusi. Yeye aliona minyororo hiyo inahusiana. Neno ghulamu, lililo ndani ya jina hilo, tunalo hata sisi, ingawa kwetu limebaki kuwa kijana wa kiume. Yeye alilitumia kwa maana ya utumwa, na mwaka huohuo soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mtu wa pwani akikisoma kitabu hicho hawezi kuambiwa kwamba hakimhusu. Phule alipitiwa kwa dakika kumi.

Lakini lazima niseme kweli. Jioni ya Hind Swaraj, kitabu cha Gandhi kuhusu India kujitawala, profesa huyohuyo alifundisha kwa namna ambayo sijapata kuiona popote. Alitueleza jinsi Gandhi alivyokiandika kitabu hicho mwaka 1909 melini, akitoka London kurudi Afrika Kusini, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, na tukaichambua hoja moja baada ya nyingine hadi mlinzi akaja kuzima taa. Kwa jioni ile peke yake ada yangu haikupotea.

Kisha ikafika wiki ya Mapatano ya Pune, makubaliano ya Gandhi na Ambedkar juu ya uchaguzi wa wawakilishi wa waliohesabiwa kuwa hawaguswi, na yote yakaharibika. Tulifundishwa kwamba Septemba 1932 Gandhi alifunga kula akiwa gereza la Yerwada, humohumo mjini, kupinga watu hao kupiga kura yao peke yao. Hatukufundishwa Ambedkar alikuwa akipoteza nini: viti vya watu wake katika mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo viliongezwa kutoka 71 hadi 148, ila haki ya kuwachagua wawakilishi wao wenyewe, bila kura za Wahindu wengine, ikawatoka.

Jioni hiyo, kwenye ngazi, alinisimamisha mwenzetu mmoja wa Kimarathi ambaye nilizoea kumwita tai, kama wanavyowaita dada zao wakubwa. Muhula mzima hakuwahi kufungua kinywa darasani. Akatoa mkobani kijitabu chenye picha ya Ambedkar kwenye jalada, karatasi zimegeuka manjano, mistari imepigwa kwa penseli hadi pembeni. "Kaka, ndiyo hotuba uliyoiuliza," akasema. "Soma, lakini unirudishie. Kilikuwa cha marehemu baba." Nilikimaliza usiku ule ule.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumwambia kila mtu asijisajili. Nilipoikumbuka jioni ya Hind Swaraj nikataka kusema nendeni, ila mtafute hotuba hiyo kabla ya kufika. Sasa namkumbuka tai akikaa kimya safu ya nyuma huku jambo lake likizungumzwa na wengine, na siwezi kuwashauri mwende. Nimemwandikia mratibu wa kozi mara mbili kuomba kurasa hizo zitiwe kwenye kitini, na hajanijibu.