Sensa ya oksijeni ya kuunga waya: kabla hujaifunga kwenye IST yako, ona hizi rangi kwanza

Haya wadau, habari zenu. Tuko Tanga, Chumbageni, jua limewaka kweli kweli, na leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Hii hapa ni sensa mpya ya oksijeni, kale kadude kanakopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, ile ya bei poa, inayokuja bila soketi. Waya nne zimekatwa, zinaning'inia tu. Boksi limepambwa vizuri, ndani hakuna hata kipande cha karatasi cha kukuambia waya ipi inakwenda wapi. Muuzaji nilipomuuliza akasema, "Fundi wako anajua." Fundi wangu huyu hapa, anacheka.

Gari ni Toyota IST ya 2003, injini 1NZ, mnaijua, sitawachosha. Ni ya shangazi yangu. Taa ya cheki injini imewaka mpaka ameizoea. Ananiambia, "Mwanangu, hiyo taa inanipunguzia nini? Gari si inatembea?" Na ndilo swali mnalonitumia kila siku: gari imezeeka, sensa imekufa, nitengeneze au niiache?

Sasa inategemea ni sensa gani. Kama ni ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari injini inazungukaje, hiyo usijadili na mtu. Dalili yake ni kwamba injini ikipata moto gari inazima, ikipoa inawaka kama hakijatokea kitu. Leo ikikuzimia Raskazone utacheka. Ikikuzimia usiku kati ya Muheza na Segera, lori liko nyuma yako, hutacheka. Nunua.

Za oksijeni ziko mbili kwenye gari hii. Moja iko kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, nyingine baada ya masega. Ile ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yanafanya kazi. Na nyinyi wenzangu masega mlishayatoa zamani! Sasa kununua sensa ya nyuma mpya ni kumlipa mlinzi alinde nyumba iliyokwisha bomolewa. Taa itaendelea kuwaka vilevile.

Ya mbele ndiyo yenye maneno. Kompyuta inaisikiliza hiyo ili ijue imwage petroli kiasi gani. Ya shangazi imetoa kodi P0135, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta inaitunza, na maana yake ni saketi ya hita. Sensa hii haifanyi kazi ikiwa ya baridi, inataka joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo ina kihita chake ndani. Kihita kikifa, inasubiri moto wa ekzosi peke yake. Mtu wa safari ndefu anaweza asione tofauti kubwa. Lakini mtu wa sokoni, shuleni, msibani, nyumbani, gari haijapata moto imeshazimwa, huyo petroli inamwisha na hajui inakwenda wapi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, chomoa soketi. Kamera sogea. Mnaiona hii rangi ya kijani kwenye pini? Hiyo ni kutu ya shaba, hewa ya chumvi hii ya kwetu. Nyie mlioko Bagamoyo mnanielewa. Kodi hii inaweza kuwa soketi tu, au waya, au fyuzi. Safisha, angalia fyuzi, halafu chukua mita ya fundi, multimita, pima zile waya mbili za hita upande wa sensa. Kwenye Toyota za umri huu, sensa ikiwa ya baridi, unategemea omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, kama 11 hadi 16. Hii ya shangazi... ona, haisomi kitu kabisa. Kihita kimekatika. Kuna ndugu yetu wa chaneli nyingine, simtaji, anawafundisha watu waloweke sensa kwenye petroli ipone. Waya uliokatika ndani utaunganishwa na petroli?

Eeh, kabla sijasahau, video sasa zinapanda Jumamosi. Jumatano fundi ana kazi za watu. Na sauti mnayoisikia ni maiki mpya, asanteni mliochangia.

Turudi kwenye hasira yangu. Naziweka mezani zote mbili. Hii ya zamani ni Denso, imekuja na gari: nyeusi mbili, bluu moja, nyeupe moja. Hii mpya: nyeupe mbili, nyeusi moja, kijivu moja. Mtu mwenye haraka atafanyaje? Nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, zilizobaki zitajuana zenyewe. Basi umeiua. Kwa sababu nyeusi ya zamani ni ya hita, inabeba umeme wa betri, volti 12. Nyeusi ya hii mpya ni ya signo, yaani unaopeleka taarifa kwenye kompyuta, waya ambao maisha yake yote hata volti 1 haufiki.

Shika hivi: waya mbili za rangi moja ndizo za hita, kwenye sensa zote mbili. Kwa hiyo nyeusi mbili za zamani zinakwenda kwa nyeupe mbili za mpya, ipi kwa ipi haijalishi. Bluu, ambayo ni signo, inakwenda kwa nyeusi. Nyeupe ya zamani, ambayo ni athi ya signo, yaani njia yake ya kurudi, inakwenda kwa kijivu. Huamini? Mita hii hapa. Nyeupe mbili za sensa mpya: omu 13. Nyeusi na kijivu: haisomi kitu, na ndivyo inavyotakiwa sensa ikiwa ya baridi. Dakika moja tu, hujabahatisha.

Soketi unaikata kwenye sensa ya zamani, uache mkia wa kutosha. Na usiunge kwa risasi, ile ya kuyeyusha kwa pasi ya umeme! Najua mafundi mnapenda risasi. Sensa nyingi hizi zinavuta hewa safi ya nje kupitia ndani ya waya zenyewe, ndiyo inayolinganishwa na moshi. Ukijaza risasi unaiziba pumzi. Tumia vibomba vya kubana kwa plaizi, na kila kiungo kikae mahali pake, visigusane. Spana ni 22. Na ile gundi nyekundu ya gasketi, jamani, mvuke wa silikoni unaua sensa. Iweke mbali.

Sasa ona simu. Nimechomeka kwenye gari kale kakifaa ka Bluetooth, ELM327, kanakosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Angalizo: gari za Japani za umri wa hii IST, tundu la kukachomeka unaweza kulikuta lakini kifaa kisizungumze nayo. Hii imekubali. Asubuhi, na sensa ya zamani, gari ikiunguruma tu mstari wa volti za sensa ulikuwa umelala. Fundi akikanyaga mafuta kwa muda, unaamka. Sasa hivi gari imesimama, inaunguruma tu, na mstari unapanda unashuka, 0.1, 0.9, 0.1. Fundi, usiguse kitu. Mmeona? Nilikuja kuiponda hii sensa, lakini nikisema kweli, sensa yenyewe haina neno. Tatizo ni wanaoiuza bila maelezo.

Bei. Hii nimechukua elfu 45. Mpya yenye soketi yake, Denso, nimeambiwa laki na 80 Dar. Mtumba yenye soketi, elfu 40. Ningekuwa natumia pesa yangu ningechukua ya mtumba, ila kwa sharti moja: naenda dukani na mita, napima hita mbele ya muuzaji. Akikataa, naondoka. Ya laki na 80 ni nzuri, sibishi, lakini kwa gari ya shangazi inayoanza kula oili, hiyo pesa aanzie kwenye oili.

Mkiuliza hapo chini, andikeni mwaka wa gari, injini, kodi, na rangi za waya mlizozikuta. Ukiniandikia tu "bro taa inawaka" nitakujibu "pole".