Kitabu cha Phaethon, kama una kijana nyumbani kichukue

Nimekipata kwa wauza vitabu vya mitumba pale Mwembe Tayari, Mombasa, shilingi 150 tu na wallahi sijajuta. Ni ile hadithi ya Wagiriki, kijana Phaethon kamng'ang'ania babake Helios, mungu wa jua, ampe gari lake la farasi aliendeshe siku moja, na mzee keshaapa kwa Styx, mto wa kuzimu, kwamba atampa chochote atakachoomba, hawezi kurudi nyuma, akambembeleza aombe kitu kingine wapi, kakataa. Picha ya farasi wanapohisi mzigo ni mwepesi ndio imenishika, macho yamewatoka yaani unaogopa. Farasi wakamshinda, dunia ikaungua, Zeus mfalme wa miungu akampiga radi akaangukia mto Eridanus.

Mtoto wa dadangu ana miaka 16, kila siku anataka funguo za pikipiki ya babake. Nilimsomea barazani baada ya magharibi, Kiingereza chepesi nikawa namfasiria, akanyamaza kimya kisha akauliza, "Sasa mamake alifanyaje?" Nikamwambia alizunguka dunia akitafuta mifupa ya mwanawe.

Kurasa mbili zimeachia gundi ila maandishi makubwa yanasomeka. Jumamosi narudi nikatafute kingine nimpelekee jirani.