Seva ya kalenda imezeeka: kuifinya database au kuhamia mpya?

Ofisi moja ya watu wa samaki hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, kalenda zao zinafunguka kwa kusuasua, kikao cha saa nne na wanunuzi wa dagaa kinatokea mara mbili, na seva ni Exchange 2010, programu ya barua pepe na kalenda ambayo Microsoft waliacha kuisapoti Oktoba 2020.

Kuna eseutil /d, amri ya kuifinya database, yaani faili kubwa linalobeba barua na kalenda za wote. Unaishusha database, inaandikwa upya bila nafasi tupu, ila unahitaji nafasi ya diski karibu 110% ya ukubwa wake na muda wote huo hakuna anayeona kalenda wala barua pepe, tena umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Mimi nachagua kuhamisha. Unatengeneza database mpya kwenye diski isiyo na hitilafu, unahamisha maboksi ya barua ya watu moja moja huku watu wanaendelea na kazi zao, na boksi lenye vitu vilivyoharibika linajionyesha lenyewe, kwahiyo weka BadItemLimit (idadi ya vitu vibovu unavyokubali viachwe) ndogo kwanza usome ripoti uone kipi kinaachwa.

Na eseutil /p, ile amri ya kukarabati database iliyoharibika, usiiguse kabisa kama bakapu nzima ipo jamani, ile inatupa kurasa mbovu za database na miadi ya mtu inaondoka nazo.