Napoleon wa Kwanza na Napoleon wa Tatu

Napoleon wa Kwanza alipanda madarakani Ufaransa kwa upanga, na tarehe 2 Desemba 1804, katika kanisa la Notre-Dame, alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe huku Papa Pius wa Saba akitazama. Napoleon wa Tatu, mwana wa nduguye Louis, alichaguliwa rais mwaka 1848, kisha akaipindua jamhuri aliyoapa kuilinda. Wote wawili waliangushwa vitani: wa kwanza Waterloo, 1815, wa pili Sedan, 1870. Kwa urithi, naona ami ana uzito zaidi, kwa kuwa Sheria ya Kiraia ya 1804 ingali msingi wa sheria za Ufaransa, ingawa ndiye pia aliyerudisha utumwa makoloni mwaka 1802. Lakini anayetembea leo katika barabara pana za Paris, zilizopasuliwa na Haussmann, ofisa wa Napoleon wa Tatu, anakanyaga kazi ya yule wa pili.