Kichocheo cha rutheniamu na bati, mimi nakipa nyota nne

Wale mnaobadilisha asidi za kaboksili (zile zenye kundi la COOH, kama ya siki) kuwa alkoholi na bado mnahangaika na LiAlH4 (lithiamu aluminiamu haidridi, kemikali inayotoa haidrojeni kwa asidi), hebu jaribuni hiki kichocheo cha hali mango, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, ni unga mweusi flani hivi, rutheniamu na bati juu ya kaboni. LiAlH4 inafanya kazi sawa, ila ikikutana na maji inaweza kuwaka, na ukimaliza unabaki na ute wa aluminiamu unaoziba karatasi ya kuchujia mpaka unakata tamaa. Hapa unahitaji haidrojeni, mtungi wa presha na joto la kutosha, kinachotoka pembeni zaidi ni maji, halafu kichocheo unakichuja unakitumia tena.

Kilichonivutia zaidi ni hilo bati. Rutheniamu ikiwa peke yake ina fujo, inakata mnyororo wa kaboni unaishia kupata methani na haidrokaboni nyingine badala ya alkoholi, sasa bati linaituliza na pia linasaidia kushika oksijeni ya kundi la kaboksili ili haidrojeni iingie pale pale panapotakiwa.

Kasoro zipo. Presha ni kubwa, usicheze nayo kabisa. Na kwa asidi za mafuta ukifungua mtungi mapema, alkoholi iliyokwisha kutengenezwa inakuwa imeungana na asidi iliyobaki ikawa esta, unaona nta nta hivi kwenye sampuli, kwahiyo acheni muda upite. Salfa nayo ikiingia kichocheo kinakufa nguvu haraka. Ila bado nakipenda kuliko vile vya shaba na kromiamu, kwasababu taka za kromiamu ni hatari jamani.